Leso Niliyosema Nimeilalia

Mbwa wawili walinizuia getini dakika hamsini na tano. Ndani ya geti hilo rafiki yangu alikuwa ameanguka, anahitaji kijiko kimoja tu cha sukari.

Sukari nilikuwa nayo mkononi.

Mbwa wenyewe nawajua kwa majina. Wiki tatu kabla ya hapo tulikuwa tumetoka nao matembezi, tumepanda tuktuk moja, tumekula kando ya bwawa moja. Na geti halikuwa na kufuli.

Ninaandika haya kwa sababu huku kwetu watu wanasema mbwa wale waliingiwa na shetani siku ile. Wallahi hawakuingiwa na chochote. Aliyekosa ni mimi, na leo nasema mbele ya kila mtu.

Naitwa Twaiba. Ninauza mahamri na mbaazi kando ya barabara karibu na Munje, huku Msambweni. Ukipita alfajiri ukasikia harufu ya iliki, ujue ni kwangu. Nina mtoto mmoja, Amin, yuko Mombasa kikazi. Baba yake alishajiendea zamani, hayo tuyaache.

Rafiki yangu aliitwa Mbula. Mkamba, mjane, hakujaliwa mtoto. Shamba lake liko upande wa juu wa barabara, kule watu wa bara walikogawiwa ardhi. Mbaazi zangu zote zilitoka kwake, na ndivyo tulivyojuana.

Mimi nilimwita Da Mbula maana alinizidi umri. Yeye aliniita Mama Amin.

Mwaka ule nilioshikwa na homa ya viungo, hata kushika kikombe siwezi, watu wa ukoo wangu walikuja wakasema pole, wakanywa chai, wakaenda zao. Da Mbula alitandika mkeka sakafuni kwangu akakaa siku nne. Alinilisha uji kwa kijiko, akanifulia, akanikaangia hadi mahamri ya wateja. Mahamri yenyewe yalitoka magumu, wateja walilalamika mwezi mzima. Lakini alikaanga.

Kati yangu na yeye kulikuwa na kitu kimoja tu. Mbwa.

Mmoja alimwita Chifu. Mkubwa, mweusi, mzito wa kuinuka. Mwingine alimwita Karani, mwembamba, rangi ya mchanga, haachi kitu kipite bila kukipitisha puani kwanza. Siku ya kwanza kumsikia Da Mbula akifoka, "Chifu! Toka jikoni, mwizi wewe!" nilidhani kweli amemfumania chifu wetu.

Kwetu sisi mate ya mbwa ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, mara moja kwa mchanga, ndipo uswali. Mimi nililichukua jambo hilo nikalikuza mpaka likawa ukuta. Miaka kumi na minne sikuvuka geti la Da Mbula hata siku moja. Nikifika ninapiga hodi nje, yeye anatoka, tunazungumza tumesimama kama watu wanaoulizana njia.

Ama sivyo anakuja yeye kwangu. Na kila akija amevaa dera lile lile la kijani.

Nilikuwa nikimtania. "Da Mbula, huna dera jingine? Au hiyo ni sare ya shule?"

Anacheka. "Hili ndilo linanipenda, Mama Amin."

Basi mwezi wa nane akanipigia simu.

"Mama Amin, Jumamosi twende Bwawani."

"Kufanya nini huko?"

"Kutembea tu! Kila siku unanukia mafuta ya kukaangia. Twende tukaone maji."

Bwawa lenyewe liko ndani ndani, nyuma ya vilima. Lilichimbwa kwa ajili ya mashamba, lakini siku hizi vijana wanaenda huko kupigana picha. Nilikuwa nikilisikia tu. Nikamwambia sawa, twende.

"Nitakuja na wale wangu," akasema.

Alimaanisha mbwa. Nikaguna.

"Watakaa kwao na wewe utakaa kwako," akaongeza upesi upesi. "Ila uje na leso. Ile kuukuu unayolalia. Usiifue, tutakalia chini kwenye vumbi, usije ukaharibu mpya."

Nikasema haya.

Sasa sikilizeni. Leso ninayolalia ni kanga ya marehemu mama yangu. Imelainika mpaka inateleza mkononi, na maandishi yake hayasomeki tena. Nikiikosa usingizi hauji. Hiyo ndiyo niipeleke ikakanyagwe na mbwa? Aka!

Nikatoa leso mpya kabatini, niliyopewa kwenye harusi ya mpwa wangu. Nikaifua kwa sabuni ya unga ikatoka wanga wote wa dukani. Ikakauka. Nikaifukiza udi. Na mwenyewe Jumamosi asubuhi nikajifukiza, nguo mpaka nywele. Nilijiambia harufu ya mbwa leo hainipati.

Tuktuk ilikuwa ya Chande, jirani yetu. Alipoona mbwa akashuka kabisa.

"Hapana, Mama Amin. Mimi naswali na mwili huu huu."

"Kwani watakaa mapajani mwako?" Da Mbula akamwambia. "Nimekuja na magunia mawili. Na nitakuoshea tuktuk mwenyewe tukirudi."

Chande akatandika magunia huku analalamika. Da Mbula akakaa nyuma na mbwa wake. Mimi nikajibana mbele na Chande, shungi nimeivuta hadi puani. Njia nzima nilisikia Karani akinusa nyuma ya shingo yangu, na nikawa nainama mbele mpaka Chande akaniuliza kama ninataka kuendesha mimi.

Bwawa lile ni zuri, nisiwe mwongo. Maji yametulia, vilima vimejipanga ng'ambo, mayungiyungi yametanda pembeni na ndege weupe wanatembea juu yake. Upepo unaopita pale hauna chumvi kama wa pwani. Nilisimama nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Da Mbula alikaa chini ya mkorosho. "Leta leso."

Nikampa. Akaikunjua, akaiangalia, akaniangalia na mimi.

"Hii ndiyo unayolalia?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema, Da Mbula, ile ni ya mama yangu, nimeona choyo. Angenielewa. Nani asiyeelewa jambo la mama?

Nikasema, "Ndiyo."

Akaileta puani. Macho yakamtoka. "Ai! Unalala na udi wote huu, na mume hayupo? Unamsubiri nani, Mama Amin?"

Tulicheka mpaka Chifu akaanza kubweka.

Lakini alichofanya baadaye kilinishangaza. Hakuikalia leso. Aliitandaza chini, akawaita mbwa wake juu yake. Wakalala. Akafungua mfuko akatoa vipande vya samaki wa kukaanga, akavipanga juu ya leso kimoja kimoja, na kila wakila anataja jina langu. "Mama Amin. Eeh, Mama Amin huyo."

Nikajisemea moyoni, leso ya harusi hiyo imekwenda. Nikashukuru si ya mama.

"Njoo uwape kwa mkono wako," akaniambia.

"Nitawarushia."

"Mama Amin. Mara moja tu."

"Da Mbula, adhuhuri imekaribia na huku sina mahali pa kuoshea mara saba." Na bwawa zima la maji liko mbele yangu! Na mchanga umejaa chini ya miguu yangu!

Nikarusha vipande viwili kwa mbali. Da Mbula hakunilazimisha. Alicheka, ila kicheko kilichelewa kidogo.

Tulipokuwa tukila pilau yangu, mkono wake ukaanza kutetemeka. Akatia mkono kwenye sidiria akatoa peremende, akaitia mdomoni na kufumba macho.

"Una nini?"

"Sukari. Zamani nilikuwa nameza vidonge, sasa wamenitia kwenye sindano. Sindano hii ina makuu yake. Nikichelewa kula inashuka, naona kiza."

"Na unakaa peke yako!"

"Si niko na Chifu na Karani?" Akafumbua macho. "Mama Amin, nikikuita utakuja?"

"Kwani ni mbali?"

"Upesi?"

"Na mahamri mkononi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyemaliza kazi. Akaniambia nihifadhi namba ya Kavenya, binti wa dada yake, anayefundisha mbwa wa ulinzi huko Diani. Nikahifadhi. Kisha akaniomba leso.

"Niachie hii."

"Chukua tu, hata usiirudishe." Nilifurahi kwamba sitaifua.

Jioni alimwoshea Chande tuktuk, kama alivyoahidi. Mimi nilienda nyumbani kukanda unga.

Wiki iliyofuata nilifika getini kwake kuchukua mbaazi. Siku hiyo sikuwa nimejifukiza, nimetoka jikoni, nanuka vitunguu na tui. Mbwa wakaja mbio wakabweka kama kawaida.

Da Mbula akasimama mlangoni amekunja uso. "He! Hawa nao wana nini? Huyu si Mama Amin?"

Nilijua leso haikuwa ya kulalia, lakini sikujua kwamba ina maana yoyote. Hata hivyo moyo ulinisuta. Nikataka kusema. Nikaona haya, mtu mzima kukiri uongo mdogo wa leso.

"Watazoea," nikasema.

"Watazoea," akasema na yeye, ila alibaki akiwaangalia.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mbaazi ziko jikoni, nachuja tui la pili. Simu ikalia.

"Ma... Mama Amin."

Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyelewa. Da Mbula hanywi.

"Sukari," akasema. "Njoo."

Nikasikia simu inaanguka.

Nilichota sukari kwenye kikombe nikakimbia hivyo hivyo, bila viatu. Saa nne na robo nilikuwa getini. Nikasukuma, likafunguka. Nikatia mguu.

Karani alikuwa wa kwanza. Alikuja chini chini bila kubweka, na mbwa asiyebweka ndiye wa kuogopwa. Chifu nyuma yake. Nilitoa mguu na geti likajibamiza lenyewe.

"Karani! Ni mimi! Chifu! Mama Amin!"

Hawanijui. Walikuwa wananiangalia kama mtu wa kuja kuiba.

Nikamwita Da Mbula. Nikamwita tena. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na kwenye kizingiti, chini, niliuona mkono wake. Kiganja kimetazama juu. Vidole vikasogea.

Jamani. Vidole vilisogea.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Boga alikuja na panga. Mke wa Chande alikuja na fimbo. Chande mwenyewe alikuja na tuktuk yake, tayari kwa kumbeba mgonjwa. Boga akajaribu kupita nyuma, akaruka ua wa miiba. Karani alimngoja upande wa pili, akamrarua suruali na nyama kidogo. Boga akarudi alikotoka, akaanza kuokota mawe. Mawe yakawazidishia hasira.

"Tuwaue," Boga akasema, damu inamtoka. "Nikalete mkuki."

"Lete," nikasema. Kisha nikasema, "Ngoja." Nilimfikiria Da Mbula akiamka na kuwakuta wamekufa. Sijui kama nilifanya vizuri. Nimejiuliza mara nyingi.

Nilimpigia Kavenya. Haikuchukuliwa. Nikapiga tena, tena, tena. Nikawa nampigia huku nikiutazama ule mkono, na sukari imeanza kulowa kwa jasho langu kwenye kikombe.

Vidole havikusogea tena.

Saa tano kasoro kidogo simu yangu ikalia. Kavenya.

"Aunty Twaiba? Nilikuwa uwanjani, simu ilikuwa kwa locker..."

Nikamweleza, sijui hata kwa maneno gani.

"Si uingie!" akasema. "Ingia tu, Aunty. Wewe watakupitisha."

"Hawanipitishi! Hawanijui!"

"Haiwezekani. Wamelala na leso yako wiki tatu."



"Leso gani?"

"Ya Bwawani! Manze, hakukuambia? Mimi ndiye nilimshow afanye hivyo. Mtu anajidunga sindano na anaishi peke yake, lazima kuwe na mtu mmoja mbwa wanamjua. Nikamuuliza ni nani, akasema ni wewe. Nikamwambia aitishe nguo umeilalia, haijafuliwa. Wakule juu yake, walale nayo, wasikie jina lako. Hivyo ndivyo tunafanya huku askari mpya akikuja. Bwawani mlienda sababu ya hiyo tu, mkae nje ya boma lao mpatane."

Nikautazama tena ule mkono pale kizingitini.

"Aunty? Uliilalia siku ngapi?"

Watu wote pale getini walikuwa wananiangalia.

"Sikuilalia hata siku moja," nikasema. "Ilikuwa mpya. Niliifua. Nikaifukiza udi."

Kavenya hakupoteza muda kunigombeza. 

"Udi," akasema. "Na wewe siku hiyo ulikuwa na udi pia?"

"Mwili mzima."

"Basi harufu yako wanayoijua ni hiyo. Kimbia, Aunty. Enda ujifukize, vaa nguo zile zile. Haraka!"

Chande alikuwa ameshawasha tuktuk kabla sijakata simu.

Jikoni kwangu mbaazi zilikuwa zimeungua, moshi umejaa. Nilichota makaa yale yale ya mbaazi, nikayatia kwenye chetezo, nikamwaga udi wote uliokuwa kwenye kopo, ule ninaouweka kwa Idi. Nikavaa nguo za Bwawani, nikasimama juu ya moshi nikilia. Sijawahi kujifukiza nikilia, udi ni kitu cha furaha kwetu.

Nikarudi. Nikasukuma geti.

Karani akaja chini chini vile vile. Akafika. Akanusa nguo yangu, akapanda na pua mpaka mkononi. Pua yake ilikuwa baridi na imelowa. Akaulamba mkono wangu.

Mkia ukaanza kucheza.

Chifu akalala chini palepale njiani, na mimi nikamruka.

Pale barazani, pembeni ya mlango, nikaiona leso yangu ya harusi. Imetandikwa vizuri kwenye sanduku wanalolalia. Imejaa manyoya.

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Da Mbula alikuwa bado ana pumzi, ndogo, ya juu juu. Nilimpaka sukari kwenye fizi kwa kidole, kwa mkono ule ule uliolambwa, sikukumbuka hata kuosha. Nikamwita. Nikamtania hata, nikamwambia, "Da Mbula, amka, unamsubiri nani?" Hakuamka.

Chande na Boga wakambeba. Boga, na mguu wake unachuruzika, akamshika kichwa njia nzima mpaka hospitali.

Daktari alisema sukari ilikuwa chini mno kwa muda mrefu mno. Alisema, "Angepata kitu kitamu mapema kidogo..." Akaniona uso wangu, akaacha.

Alilala siku tatu bila kufumbua macho. Ijumaa, wakati wa adhana ya adhuhuri, Da Mbula akaenda.

Tulimzika shambani kwake. Watu wa kanisa lake waliimba, na mimi nilisimama nyuma na buibui langu, mbwa wawili wamelala miguuni pangu kwa sababu nilikuwa nimejifukiza. Watu walishangaa. Mimi niliona aibu.

Baada ya mazishi Kavenya aliniita ndani tupange vitu. Ilikuwa mara yangu ya pili kuingia nyumba ile katika miaka kumi na minne.

Nyuma ya mlango kulikuwa na msumari. Kwenye msumari kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko, limekunjwa, limepigwa pasi, dera la kijani.

"Hii ni yako," Kavenya akasema.

"Yangu vipi? Ni lake."

"Ni ya kuja kwako." Alikuwa anakunja mashuka, hakuniangalia. "Akitaka kukuja kwako anaoga kwanza, ndio anavaa hii, anapitia mlango wa nyuma mbwa wasimguse. Akirudi anaivua, anaifua. Nikamwambia, Aunty, si umwambie tu? Akasema hapana, Mama Amin anaswali mara tano, mimi siwezi nikamharibia."

Nilikaa kitandani kwa Da Mbula nikalia kama mtoto.

Mimi nilimtania kuhusu sare ya shule. Jamani, sare ya shule!

Miaka kumi na minne mwanamke yule alijisafisha kwa ajili yangu bila kuniambia. Na yeye aliniomba kitu kimoja. Nilalie leso.

"Kwa nini hakuniambia ni ya mbwa?" nikamuuliza Kavenya.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, nikimwambia ni ya mbwa hataileta. Mimi namjua."

Alinijua vizuri.

Nilikwenda kwa ustadh Jaafar, aliyetufundisha madrasa, sasa ni mzee sana. Shikamoo, marahaba, nikamwaga yote. Nilitaka aniambie kwamba nilikuwa nailinda swala yangu. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie hivyo.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "dini ilikupa maji mara saba na mchanga. Ni kazi ya dakika tano. Haikukupa uongo."

Nikamuuliza uongo ule nitauosha vipi. Akasema ni toba kwa Mola, na kumwomba radhi niliyemkosea. Na wote wawili tulijua huyo hayupo.

Sasa ni miezi mitano. Kavenya alitaka kuwachukua mbwa Diani, lakini kule anakaa chumba kimoja. Nikamwambia awaache. Wanalinda shamba la Da Mbula, na mbaazi zake ninazivuna mimi. Kila asubuhi nikimaliza kuuza ninapanda juu, ninawapa chakula. Kwa mkono. Kisha ninaosha mara saba, moja kwa mchanga, na nimepima kwa saa ya simu. Hata dakika tano hazifiki.

Leso ya mama yangu, ile ninayolalia, nimeitandika kwenye sanduku lao. Mwanzo nilikosa usingizi. Sasa nimezoea, na wao wamenizoea. Nikija na harufu ya vitunguu, ya moshi, ya jasho, hawabweki. Wananijua mimi mwenyewe.

Wewe unayesoma, nakuomba mambo mawili tu. Mtu wako akikuomba kitu, hata kiwe cha kipuuzi vipi, muulize anakitaka cha nini. Na akikuuliza swali, mwambie kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba umeona choyo, au umeona kinyaa. Rafiki anakusamehe choyo. Anakusamehe na kinyaa, wangu alinisamehe miaka kumi na minne.

Juzi jua lilipokuwa kali nilimwita Chande. Sikumwambia lolote, alileta magunia mwenyewe. Tukaenda Bwawani, mimi nikakaa nyuma na mbwa.

Nilikaa chini ya ule mkorosho. Nikatoa samaki, nikampa Karani kipande, nikampa Chifu kipande. Nikatoa na peremende, nikaiweka chini, pale alipokuwa amekaa.

"Da Mbula," nikamwambia, "haikuwa ile ninayolalia. Nisamehe."

Chande alikuwa mbali kidogo, anaosha tuktuk yake. Alizima redio, akaningoja.